Habari za Sauti na Masikio Katika Pwani ya Diani

Wazee waliotulea sisi katika pwani iliyo kusini mwa Mombasa, tangu Likoni kupita Tiwi na Diani hata Gazi na Msambweni, walikuwa na desturi ya kuyapima masafa kwa masikio kabla ya kuyapima kwa macho, na mgeni akiuliza kisima kiko umbali gani aliambiwa kwamba kiko mwendo wa ukelele mmoja, yaani pale ambapo mtu mwenye kifua cha wastani akipaza sauti, aliyeko kisimani ataitika. Usiku, mvuvi aliyechelewa kurudi hakuuona mwamba bali aliusikia: mawimbi yalivunjika kwa ngurumo kulia kwake na kushoto kwake, na pale katikati palipokuwa na ukimya kidogo ndipo palipokuwa na mlango wa kuingilia, naye akaielekeza ngalawa yake kwenye ukimya huo kwa yakini ya mtu arudiye nyumbani kwake. Nimeyakumbuka mambo haya si kwa ajili ya kujisifia uzee, ijapokuwa uzee nao umekwisha kunifika, bali kwa sababu katika nyumba yetu yuko binti, mjukuu wa dada yangu, anayesikia kwa chombo kilichopandikizwa ndani ya kichwa chake, na kukaa naye kwa miaka kadhaa kumenilazimisha kuitazama upya tarikhi ya mji wetu kwa upande ambao waandishi aghalabu huupita, nao ni upande wa sauti: zilitoka wapi, zilifika wapi, zilizuiwa na nini, na nani hakufikiwa nazo.

Katika majengo ya kale ya Diani lijulikanalo zaidi ni Msikiti wa Kongo, uliosimama kati ya mibuyu karibu na mahali Mto Mwachema unapoingia baharini, ambao wenye elimu ya mambo ya kale huukadiria kuwa wa karne ya 14 au ya 15, na ambao hadi leo huswaliwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama ilivyokuwa ada ya wajenzi wa zama hizo, na mtu aingiapo humo akitoka penye upepo na mawimbi huhisi kama amefungiwa mlango nyuma yake hata ikiwa mlango u wazi. Ukuta mnene huizuia bahari isiingie. Lakini ukuta huo huo, kwa ugumu wake, hukirudisha kila kinachosemwa ndani, sauti ikapiga hapa ikarudi kule, na neno la pili likafika kabla mwangwi wa neno la kwanza haujatulia. Waliojenga misikiti ya pwani hawakuwa na vipimo vya mawimbi ya sauti, ila walikuwa na maarifa. Imamu huelekea kibla na kuwapa maamuma mgongo, na lau sauti yake ingekwenda mbele tu isirudi, safu za nyuma zingepata nusu yake; lakini mbele yake pana mihrabu, uvungu uliojengwa ukutani, nao huipokea sauti ile na kuirejesha kwa watu. Mikeka iliyotandikwa chini nayo hunyonya kile kinachozidi.

Jamaa ilipokuwa kubwa kuliko nguvu ya mihrabu, kama siku ya Idi watu walipojaa hata nje, alisimama mubaligh, ambaye kazi yake ilikuwa kuipokea takbira ya imamu na kuipaza ili waliosimama nyuma waipate. Nampenda sana huyu mubaligh, na nitarudi kwake, kwani yeye husimama mahali sauti ilipo nzima na kuipeleka mahali ilipokwisha kuchakaa. Na kiziwi aliyekuwa safuni hakuhitaji hata mubaligh: aliona kwa pembe ya jicho jirani yake anapoinama, akainama naye. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, kiziwi tangu utoto, aliswali hivyo umri wake wote, na watoto tuliokuwa na utundu tulidhani kwamba yeye ndiye mwenye kusikia kuliko wote, kwa kuwa hakukosea hata mara moja.

Nje ya msikiti, adhana ilitolewa kwa koo tupu. Muadhini alisimama mahali palipoinuka, akaweka mkono sikioni, akageuza uso kulia na kushoto katika mwito wa kujia swala, na wakati wa kusi sauti yake ilibebwa upande mmoja na wakati wa kaskazi upande mwingine, hata mitaa iliyokosa kusikia ilijua kwamba ni upepo uliowanyima na si mtu. Waliokaa barani zaidi, kuelekea Muhaka na Mwabungo, walikuwa na pembe na ngoma. Pembe ya nyati ikipulizwa, ambayo Waswahili huiita mbiu na Wadigo gunda, hakuna aliyeuliza kama ameitwa; waliuliza kuna nini. Na ndani ya Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo uliohifadhiwa kwa sheria mwaka 1992 na kuingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, amri ni kinyume cha mbiu: mtu hufunga kaniki, hushusha sauti, na hufuata mwongozi wake karibu karibu. Nimeingia humo na binti yetu, na baada ya dakika chache aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea, kwamba hapo anasikia nyayo zangu. Sikumjibu neno, kwa sababu mahali penyewe hapakuwa pa kujibizana. Lakini tangu siku hiyo nimeamini kwamba ukimya nao una majengo yake, na kwamba wazee waliolinda ile miti walilinda pia jambo ambalo sisi wengine tumelipoteza bila ya kulijutia.

Ama kuhusu watu wasiosikia, tusijidanganye kwamba zama za kale zilikuwa za huruma tupu. Maradhi yaliyoziba masikio ya watoto yalikuwa mengi: homa ya uti wa mgongo, surua, usaha wa masikio usiotibiwa, na katika nchi yetu hii ya mbu, hata kwinini yenyewe, ambayo iliokoa maisha ya wengi katika homa kali za malaria, ilijulikana kwa kuvumisha masikio. Mtoto aliyepona akiwa haitiki aliitwa bubu, jina linalomhukumu kwa ulimi wakati kosa liko sikioni, na aghalabu alifundishwa kazi ya mikono: kusuka makuti, kufua nazi kwenye kifuo, kuvuta jarife. Baharini hata hivyo alikuwa sawa na wenziwe, maana huko upepo huwafanya watu wote kuwa viziwi, na nahodha huongoza kwa mkono. Kiganja kikiinuliwa kina maana, kikipinduliwa kina maana nyingine. Nasadiki kwamba lugha ya mikono ya wavuvi wetu ilikuwa shule ya kwanza ya viziwi katika pwani hii, ingawa hapana aliyeiandikisha.

Shule zenye majengo zilikuja baadaye sana, na zilianzia mbali na bahari. Chama cha kuwasaidia watoto viziwi wa Kenya kiliundwa mwaka 1958, na mwaka 1961 wamisionari wa Kikatoliki wakafungua shule Mumias na Nyang'oma, huko magharibi. Tanganyika nayo ikapata ya kwanza Tabora mwaka 1963. Pwani ikaja ikawa na zake, Ziwani mjini Mombasa na nyingine Kwale penyewe, na sharti niseme kwa faida ya wasiojua kwamba jina la Ziwani halitokani na uziwi, bali ni jina la mtaa lenye asili ya ziwa, ingawa masikio ya watani hayataki kuelewa hivyo. Shule hizo za mwanzo zilirithi fikira iliyopitishwa na walimu wa Ulaya katika mkutano wa Milan mwaka 1880, kwamba kiziwi afundishwe kusema kwa kinywa na azuiwe kusema kwa mikono, na kwa miaka mingi mtoto alikaa darasani akiitazama midomo ya mwalimu kama mtu anayeangalia samaki nyuma ya kioo. Fikira hiyo ilianza kulegea katika miaka ya 1980, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina lake, ikaiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge. Kwa hiyo lugha iliyokatazwa darasani ikapata kiti Bungeni, jambo ambalo yule mzee wa safuni kwetu, lau angelikuwa hai, angelilipokea kwa kicheko chake kisicho na sauti.

Wakati mambo hayo yakiendelea kwetu, ng'ambo walikuwako waliotaka kuliendea sikio lenyewe. Mwaka 1957, mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walitia waya wa umeme karibu na mshipa wa kusikia wa mtu aliyekuwa kiziwi kabisa, naye akasikia milio aliyoifananisha na ya nyenje. Mwaka 1961 William House wa Los Angeles akaanza majaribio yake kwa wagonjwa, na mwishoni mwa mwaka 1977 Ingeborg Hochmair na Erwin Hochmair mjini Vienna wakafanikiwa kutia chombo chenye njia nyingi za sauti. Lakini mtu ambaye habari yake inanivutia zaidi mimi mkazi wa ufukweni ni Graeme Clark wa Australia, mwana wa mwenye duka la dawa aliyekuwa kiziwi, ambaye kwa miaka mingi alishindwa kupata namna ya kuupenyeza waya ndani ya koklea. Koklea ni kile kiungo cha ndani ya sikio kilichojizungusha mizunguko miwili na nusu, na jina lake kwa Kiyunani na Kilatini ni konokono. Mwaka 1977 Clark alikuwa likizoni katika ufuko wa Minnamurra, akaokota kombe la konokono wa baharini, akachuma majani, akajaribu kuyasukuma ndani ya kombe. Akaona kwamba jani lililo laini ncha na gumu shinani huingia na kuzunguka bila ya kukwama. Waya ukatengenezwa kwa mfano wa jani, na tarehe 1 Agosti 1978, mjini Melbourne, akamfanyia upasuaji mtu wake wa kwanza, Rod Saunders. Makombe ya namna ile sisi tumeyaona Diani tangu utotoni, tumeyauza kwa watalii, tumeyatega sikioni ili tusikie bahari iliyo ndani yake, na majani ya ufukweni tumeyapikia vyakula vya mchezo. Wala hapana kati yetu aliyepata kuyakutanisha haya mawili. Silisemi hili kwa kutujutia. Twalikuwa na shughuli nyingine.

Chombo chenyewe, nikieleze kama nilivyoelezwa na nilivyokiona. Katika sikio zima kuna vinyweleo vidogo mno, vile vya safu ya ndani peke yake vikiwa kama 3,500, na kila sehemu ya konokono ina sauti yake: mlangoni nyembamba, kileleni nzito. Vinyweleo vikifa, mshipa huwa hai ila hauna wa kuuletea habari. Basi waya hutiwa ndani, wenye vituo vya umeme kumi na viwili katika aina moja, ishirini na viwili katika nyingine, ukaunganishwa na kidude kilichozikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio; na nje ya ngozi kuna kisahani kinachoshikwa kwa sumaku, na juu ya sikio kuna kikompyuta chenye maikrofoni na betri, ambacho huipokea sauti, huipambanua, na kuivusha ngozi kwa mawimbi ya redio. Hesabu hii mtu aitafakari: kazi iliyokuwa ya maelfu hufanywa na vituo visivyofika ishirini na vitano. Huko Marekani chombo cha kwanza kiliruhusiwa kwa watu wazima mwaka 1984, na watoto wa miaka miwili na zaidi wakafuatia mwaka 1990, si bila ya mzozo, kwani viziwi wengi wa huko walilalamika kwamba wanatibiwa kitu ambacho wao hawakukiita ugonjwa. Clark, Ingeborg Hochmair na Mmarekani Blake Wilson walitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 2013.

Binti yetu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. Katika ugonjwa huo madaktari huharakisha, kwa sababu koklea yaweza kujaa mfupa na mlango wa waya ukafungika, na haraka hiyo ilikula ng'ombe, shamba la minazi na sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu. Siku hizo safari ya jambo hili kwa watu wa Afrika ya Mashariki mara nyingi ilikuwa India. Baadaye Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kufanya upasuaji huo mwaka 2017, na mzigo ukapungua kidogo kwa majirani zetu. Chombo hakikuwashwa siku ile ya kisu. Kiliwashwa wiki kadhaa baadaye, na sisi tuliotazamia tabasamu tulipata kilio, kwa maana mtoto alitiwa sauti mwilini bila ya kuambiwa sauti ni kitu gani. Tangu hapo ilikuwa kurudi na kurudi kwa mafundi ili kila kituo kipimwe na kurekebishwa, kazi ambayo kwa mtu wa Diani ilikuwa na maana ya kuvuka Likoni kwa feri, kivuko kilichoanza mwaka 1937, kisha kupanda gari la moshi la Nairobi.

Feri hiyo ndiyo iliyonifunza kwamba chombo hakisikii, bali mtu ndiye anayesikia, na mahali ndipo panapomruhusu au panapomzuia. Honi, injini, mlio wa chuma cha mlango ukiburuzwa juu ya saruji, wachuuzi wa korosho, maelfu ya nyayo: yote huingia katika maikrofoni kwa daraja moja, na vile vituo vichache havina nafasi ya kuyatenga. Hapo binti huacha kusikiliza. Hunitazama mdomoni, nami nimejifunza kutozungumza nikiangalia maji.

Ukiyafuata mabadiliko ya Diani kwa sikio lake, utaona kwamba tarikhi ya karne iliyopita ni tarikhi ya vitu vigumu kuchukua mahali pa vitu laini. Nyumba ya udongo na makuti humeza sauti. Mazungumzo ndani yake ni kama ya watu waliojifunika shuka moja. Bati lilipokuja likaleta heshima, halivuji na haliliwi na mchwa, lakini likaleta na mwangwi, na mvua za masika zikishuka juu yake hakuna somo. Mimi nilifundisha chini ya mabati kwa zaidi ya miaka thelathini, na mvua ikianza niliiachia darasa, nikaandika ubaoni. Kisha saruji, kisha vigae. Na ajabu iliyoje, waliobaki na makuti ni wenye hoteli! Tangu miaka ya 1970, utalii ulipostawi katika ufuko huu, wao wamezidi kuezeka kumbi zao kwa makuti ili mgeni apate ladha ya Afrika, na matokeo ambayo hawakuyakusudia ni kwamba binti wa Kidigo mwenye chombo sikioni husikia vizuri zaidi chini ya paa la hoteli kuliko chini ya paa la nyumba aliyozaliwa. Isipokuwa muziki wa usiku ukianza, hapo hasikii mtu yeyote, hata mwenye masikio yake kamili. Bodaboda na tuktuk za Ukunda sizitaji. Na vipaza sauti, ambavyo vimetufanya tudhani kwamba sauti kubwa na sauti ya kusikika ni kitu kimoja, navitaja kwa kupita tu ili nisije nikaitwa mchokozi.

Darasani ndipo nilipokutana tena na mubaligh wangu. Mwalimu hupewa maikrofoni ndogo ya kubandika kifuani, nayo hutwaa sauti pale inapotoka, kabla haijagongana na bati na viti na watoto arobaini, ikaipeleka moja kwa moja katika chombo cha mwanafunzi. Niliposhuhudia mara ya kwanza nilisema, huyu namjua. Fundi alidhani nimechanganyikiwa. Kuna lakini moja, nayo ni kwamba mubaligh wa msikitini hunyamaza imamu akinyamaza, ilhali maikrofoni hii isipozimwa humfuata mwalimu hata nje ya darasa. Na binti yetu ameyasikia kwa njia hiyo maneno ya walimu juu ya mishahara yao, na siri nyingine ambazo adabu yanizuia kuziandika.

Sasa niseme la kipupwe kimoja, upepo wa kusi ulipokuwa umechafuka na mwamba unavuma tangu alfajiri. Dada yangu alikuwa barazani, binti yuko uani chini ya mwarobaini, na upepo ukimpiga upande wa chombo. Dada akaita, "Mwanangu, niletee kanga!" Mtoto akaingia ndani mbio, akakawia kidogo, akatoka na panga, amelishika kwa adabu mpini ukimwelekea bibi yake. "Loo, wataka kunichinja?" akauliza dada yangu. Mtoto akamtazama kwa mshangao. "Bibi, si umesema panga?" Tulicheka sote, yeye akiwa wa mwisho, lakini usiku nililifikiri. Kanga, panga, tanga: katika lugha yetu maneno haya matatu yametenganishwa na kitu kidogo kama kupasuka kwa mbegu ya nyonyo, mshindo mmoja wa mwanzo usiodumu hata robo ya nukta, na baki yote ni sawasawa. Upepo ukipita juu ya maikrofoni huufuta mshindo huo, likabaki "-anga", na akili ya mtoto ikachagua yenyewe. Sisi wengine twachagua pia, kila siku, ila wingi wa sauti tulizo nazo hutuficha kwamba tumechagua. Tangu siku hiyo dada yangu hasemi tena "kanga" penye upepo. Husema "leso", kama wasemavyo Mombasa, na mambo huenda.

Kwa sababu kama hiyo nadhani naijua siri ya Chidigo, lugha ya Wadigo. Wazee wa upande wa baba wa binti yetu hulalamika kwamba mtoto hujibu kwa Kiswahili hata akisemeshwa Chidigo, na wakaona ni kiburi cha shule. Lakini Chidigo ni lugha ya toni, ambayo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana, na kupanda na kushuka ndiko hasa chombo hiki kinakokupokea vibaya, kama walivyokwisha kuona wanaosema Kichina wenye chombo hicho hicho. Kiswahili hakina toni. Kina silabi zilizo wazi na mkazo usiohama mahali pake, na chombo hukipata kwa wepesi zaidi. Si kiburi, basi. Nimewaeleza, wengine wameafiki.

Harusini jambo hilo hilo huonekana kwa uso mwingine. Sengenya ikipigwa, yenye ngoma kadhaa, upatu na nzumari, binti husogea upande wa chapuo na hupiga makofi bila ya kukosea hata pigo moja, kwa maana mwendo wa ngoma chombo huupitisha mzima. Nzumari akiulizwa husema ni mbuzi. Na taarabu, ambayo mimi naipenda hata kunitoa machozi, fidla na kanuni na udi vikipandana, kwake yeye ni paka wanaogombana darini. Alilisema hilo mbele ya mpiga fidla mwenyewe, tukalazimika kuomba radhi.

Bahari ina hukumu yake peke yake. Chumvi, mchanga na unyevu wa pwani ni adui wa kikompyuta cha nje, na kila usiku hutiwa katika mkebe wenye dawa ya kunyonya maji, kama walivyofanya wazee kwa saa zao walipotia mchele. Kuna mifuko ya kukivalisha majini, lakini binti hapendi. Bamvua ikifika na maji yakipwa hata mwamba ukawa mkavu, yeye hukivua chombo, hukifunga katika pindo la leso ya bibi yake, na huenda na wavulana kutafuta pweza akiwa kiziwi kama alivyomuumba Mungu baada ya ile homa; kidude cha ndani hakidhuriki na maji. Huko mbali, ambako sauti ya mtu haifiki, wao huzungumza kwa viganja, na nahodha mmoja mzee wa Diani aliyewaona aliniambia kwamba nusu ya ishara zao anazifahamu.

Shida iko usiku. Mkebe ukishafungwa, midomo haionekani gizani, mikono haionekani, wala hapana fundi wa Vienna au wa Melbourne aliyelipatia dawa hilo. Binti akiamka na jambo huja kunishika mguu, nami hupapasa swichi. Kwa hiyo nyumbani kwetu taa ya ukumbini haizimwi mpaka ahakikishe kila mmoja amemaliza kusema, na ikitokea umeme umekatika, kama ilivyo ada ya kipupwe, huwasha koroboi na kuiweka kati yangu na yeye, karibu na nyuso, mpaka mafuta yaishe.